Saa ya Mama Kwanza: Mwongozo wa Jiko, Matembezi na Pumziko kwa Familia za Kitale na Bungoma

Kazi ya nyumbani haina kengele ya kumalizia. Ukimaliza nguo, vyombo vinangoja. Ukimaliza vyombo, mtoto anataka kusaidiwa kazi ya shule. Ndiyo maana mama anayesema "nitapumzika nikimaliza" hapumziki. Mwongozo huu unageuza mpangilio: weka saa yako kwenye wiki kwanza, halafu upike, utoke na watoto na uendeshe nyumba kwa namna itakayoilinda saa hiyo.

Usiuone huu kuwa ubinafsi. Mama aliyechoka kupita kiasi hukosea kipimo cha dawa ya mtoto, husahau sufuria motoni, na hugomba kwa jambo dogo. Pumziko lako ni sehemu ya usalama wa nyumba nzima.

SEHEMU YA KWANZA: CHORA WIKI YAKO

Kila wiki ina nguzo zake: siku ya soko, siku ya kufua, siku ya chama, siku ya ibada. Ukizijua nguzo hizo, nafasi zilizo katikati huanza kuonekana. Usipoziandika, kila siku hukuamkia kama dharura.

1. Chukua ukurasa wa daftari. Andika siku saba, na kila siku uigawe sehemu tatu: asubuhi, mchana na jioni.
2. Jaza yasiyohamishika: shule, kazi au biashara, kliniki, ibada, siku ya soko lenu.
3. Kabla hujaandika kingine, chagua saa mbili zako: moja katikati ya wiki, nyingine wikendi. Ziandike kwa kalamu ya wino.
4. Gawa kazi kwa majina. Mtoto wa miaka 7 anaweza kuchambua maharagwe na kukunja nguo. Wa miaka 11 anaweza kuosha vyombo na kufagia. Baba anaweza kuogesha watoto, kupiga pasi sare na kuteka maji. Mvulana na msichana wapewe kazi sawa.
5. Bandika ukurasa ukutani. Jumapili jioni, kaeni dakika kumi muupitie pamoja.

Makosa ya kawaida
- Kuandika "tutasaidiana" badala ya jina la mtu. Kazi isiyo na jina humrudia mama.
- Kujaza saa yako na kazi "ndogo", kama kufua soksi au kushona vifungo.
- Kupanga wiki ya shamba kama wiki nyingine. Mvua za Machi na Aprili huleta kupanda, kisha palizi, na kuanzia Oktoba mavuno. Katika miezi hiyo punguza saa yako iwe nusu saa, lakini usiifute.

SEHEMU YA PILI: JIKONI

Kinachokula muda wa mama jikoni ni vitu viwili: vyakula vinavyochelewa kuiva, na kuanza upya kila mlo. Dawa yake ni kuivisha mara moja chakula kitakacholiwa kwa sura mbili.

Maharagwe ya milo miwili

Utaratibu huu unafaa kwa nyayo, wairimu au ya njano. Mchana yatakuwa mushenye, yaani yaliyopondwa pamoja na viazi vitamu. Jioni yatakuwa mchuzi wa ugali.

1. Usiku, chambua maharagwe, yaoshe na kuyaloweka kwa maji mengi. Yaache hadi asubuhi.
2. Asubuhi, mwaga maji ya kuloweka. Weka maji mapya na uchemshe kwa moto mkali kwa nusu saa.
3. Andaa kapu lenye mfuniko. Litandike ndani blanketi kuukuu au leso kadhaa, chini na pembeni.
4. Epua sufuria ikiwa bado inatokota, mfuniko ukiwa umefungwa vizuri. Itie kapuni haraka, ifunike kwa mto au blanketi, na usiifungue kwa saa tatu hadi nne. Joto lililofungiwa humalizia kuivisha bila kuni wala gesi.
5. Rudisha motoni, yachemke tena, kisha ugawe: nusu ya mushenye, nusu ya jioni.
6. Sehemu ya jioni, ichemshe vizuri kabla ya kukaanga kitunguu na nyanya.

*Tahadhari:* usiyatie maharagwe kapuni kabla hayajatokota. Maharagwe mabichi, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayoleta kutapika na kuhara, na joto la pole haliiondoi. Kama huna friji, pika ya siku moja tu, na kiporo usimpe mtoto mchanga.

Mboga za kienyeji zisizokataliwa na watoto

Mama mboga wa Chwele, Kimilili au soko la Kitale atakuuzia murere, kunde, saga, managu, terere na seveve. Mboga hizi zina madini ya chuma, kalisi na vitamini A, na nyingi humea hata kando ya jikoni. Watoto huzikataa kwa sababu mbili: uchungu au mlendamlenda. Yote mawili hutatuliwa kwa kuchanganya.

*Kunde na murere:*

1. Chambua majani, kisha uyaoshe mara mbili yakiwa mazima. Ukikata kwanza ndipo uoshe, virutubishi huenda na maji.
2. Chemsha maji kidogo, yasifunike mboga. Tia munyu wa kienyeji kiasi cha vijiko viwili, ule unaochujwa kutoka kwa majivu ya maganda ya maharagwe.
3. Tia kunde kwanza. Zikilainika, ongeza murere na ukoroge.
4. Acha sufuria wazi ili mboga isifurike na rangi isipotee. Murere huiva kwa dakika chache tu.
5. Tia chumvi, na ukipenda krimu ya maziwa au simsim iliyosagwa. Pakua na ugali wa wimbi au wa mahindi.

*Saga na managu:* zichemshe pamoja na terere ili kupunguza uchungu, mwaga maji ya kwanza kama ni machungu mno, kisha utie maziwa na uache moto mdogo kwa dakika kumi. Ladha huwa laini zaidi siku ya pili, kwa hiyo wenye friji wapike leo mboga ya kesho.

*Makosa ya kawaida:* kuzidisha munyu au magadi, jambo linaloharibu vitamini na kufanya mboga iwe na ladha ya sabuni. Na kupika managu pamoja na vitunda vyake vya kijani, ambavyo vina sumu.

SANDUKU: Mahindi ya uji wa mtoto

Trans Nzoia hulisha Kenya mahindi, lakini mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu huota kuvu inayotoa sumu ya aflatoksini. Sumu hiyo haiishi kwa kupikwa. Pima hivi kabla ya kuweka guniani:

- Chukua chupa ya kioo, safi na kavu kabisa. Tia mahindi hadi robo ya chupa na vijiko viwili vya chumvi kavu.
- Funga, tikisa kwa dakika mbili, iache itulie.
- Chumvi ikigandamana kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi. Yaanike tena juu ya turubai, si juu ya udongo.
- Punje zilizooza au kubadilika rangi zitoe. Usizisage "za uji tu", na kuku pia usiwape.

Mtoto hunyonya maziwa ya mama pekee hadi miezi 6. Akianza uji, tumia nafaka moja au mbili. Unga uliochanganywa nafaka nyingi, maharagwe mabichi, njugu na omena unaonekana kuwa na nguvu, lakini vitu hivyo haviivi kwa muda mmoja, na mtoto akidhurika hutajua kilichomdhuru. Omena na njugu zikaangwe, zisagwe kando, na zitiwe kidogokidogo.

ONYO LA BARIDI

Kitale iko juu sana, zaidi ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai huuma. Usiingize jiko la makaa chumba cha kulala ili kupata joto. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na waliolala hawaamki. Vaeni soksi, ongezeni blanketi, jazeni maji moto kwenye chupa na kuifunga kwa nguo.

SEHEMU YA TATU: MATEMBEZI

Mtoto anayefungiwa uani likizo yote hugombana na ndugu zake, na mama huwa refa. Siku moja ya kutoka, ikitangazwa mapema, huwapa watoto kitu cha kungojea na husaidia kazi kufanyika kwa hiari. Haihitaji pesa nyingi. Inahitaji kuchagua mahali panapolingana na umri wa watoto wako.

SANDUKU: Pa kwenda

*Makavazi ya Kitale.* Yalianzishwa na Hugh Stoneham mwaka 1926 kama makusanyo yake binafsi, na mwaka 1974 yakafunguliwa kuwa makavazi ya taifa ya magharibi mwa Kenya. Watoto wataona nyoka, kobe, nyumba za jadi za jamii mbalimbali za eneo hili, na njia ya kutembea ndani ya msitu wa asili. Panafaa watoto wa umri wote, hata mvua ikinyesha.

*Saiwa.* Ndiyo mbuga ndogo kuliko zote za taifa nchini, kilomita 2.9 za mraba tu, karibu na Kipsaina kwenye upande wa barabara ya Kitale kwenda Kapenguria. Ilitengwa mwaka 1974 ili kumlinda nzohe, swala anayeishi kinamasini. Unatembea kwa miguu juu ya njia za mbao na kupanda vibanda vya kutazamia. Fika asubuhi na mapema, maana nzohe hujificha jua likipanda. Wapo pia kima wa De Brazza wenye ndevu nyeupe. Panafaa watoto wa miaka 5 na zaidi wanaoweza kunyamaza kidogo.

*Nabuyole na Chetambe, Webuye.* Maporomoko ya mto Nzoia yako Nabuyole, na mlima wa Chetambe ndiko Wabukusu walikopambana na jeshi la Waingereza mwaka 1895. Mkipanda na babu au nyanya anayeijua historia hiyo, watoto watarudi na elimu isiyo darasani. Mawe ya mtoni huteleza: mtoto ashikwe mkono, na asiogelee.

*Mlima Elgon, lango la Chorlim.* Kwa familia yenye watoto wakubwa na gari linaloweza tope. Pango la Kitum ni maarufu kwa ndovu wanaoingia kulamba chumvi, lakini wageni wawili waliolitembelea, mmoja mwaka 1980 na mwingine 1987, waliugua homa ya Marburg, ugonjwa unaohusishwa na popo. Pigeni picha nje. Watoto wasiingie pangoni wala kugusa popo au vinyesi vyao.

Hatua za kupanga safari

1. Chagua tarehe wiki mbili kabla. Agosti ya mwaka wa namba shufwa, kama 2026, ni msimu wa tohara ya Wabukusu: barabara hujaa umati na nyumba hujaa wageni, kwa hiyo tokeni mwanzoni mwa likizo au baadaye.
2. Andika gharama zote: nauli ya kwenda na kurudi, kiingilio, maji, na pesa ya dharura ambayo haitaguswa. Viingilio vya mbuga za Shirika la Wanyamapori (KWS) hulipwa kupitia eCitizen, si kwa taslimu. Lipa ukiwa nyumbani ambako mtandao una nguvu.
3. Patana nauli kabla ya kupanda matatu, na uulize kama mtoto analipiwa kiti. Mtoto wa miaka 4 ni bora akae kwenye kiti chake kuliko kupakatwa na mgeni.
4. Kwa boda boda, sheria ni abiria mmoja. Mama na watoto wawili juu ya pikipiki moja ni hatari hata kama safari ni fupi. Pandeni matatu au tembeeni.
5. Pika usiku: viazi vitamu, mayai ya kuchemsha, mahindi, ndizi. Chakula chenye maziwa au nyama kisichohifadhiwa baridi kiacheni nyumbani.
6. Andika nambari yako ya simu kwenye karatasi na uitie mfukoni mwa kila mtoto. Mkubaliane pa kukutania mtu akipotea.
7. Rudini kabla ya saa kumi alasiri. Mvua za upande huu hupenda kushuka jioni.

Orodha ya begi
☐ Maji yaliyochemshwa, chupa moja kwa kila mtu
☐ Sweta, hata kama asubuhi kuna jua
☐ Leso mbili: moja ya kukalia, moja ya kufunikia mtoto
☐ Nguo ya kubadilisha na nepi
☐ Sabuni na kitambaa
☐ Dawa ya mtoto mwenye pumu au selimundu
☐ Simu iliyojaa chaji

Mkienda kulala kwa kukhu (nyanya) Bungoma

Mtoto aliyezoea baridi ya Kitale akishuka Bungoma hukutana na malaria, ambayo huko huwapo karibu mwaka mzima. Bebeni neti, kwa kuwa huenda za kukhu hazitoshi wageni wote. Mtoto akipata homa mkiwa huko au baada ya kurudi, apimwe siku hiyo hiyo. Usimpe dawa iliyobaki kabatini. Bungoma ni miongoni mwa kaunti nane za magharibi ambako chanjo ya malaria ya watoto ilianza kutolewa mwaka 2019, kwa hiyo ukiwa kliniki uliza kama mtoto wako anastahili.

SEHEMU YA NNE: WEWE MWENYEWE

Umeshapata saa mbili kwenye ukurasa. Sasa nani atakaa na watoto? Hapa ndipo akina mama wengi hukwama, kwa sababu pumziko la mama mmoja linahitaji mikono ya mwingine. Magharibi mwa Kenya tayari tunajua kuchanga pesa kwenye chama na kupokea kwa zamu. Muda nao unaweza kuchangwa hivyo.

Jinsi ya kuunda zamu ya kulea

1. Tafuta akina mama wawili unaowaamini, wanaoishi umbali wa kutembea, wenye watoto wa rika karibu na wako. Watatu wanatosha.
2. Tembeleaneni kwanza. Angalia kama kisima kimefunikwa, kama mbwa amefungwa, kama dawa za shamba na mafuta ya taa ziko mbali na watoto, na nani mwingine huingia nyumba hiyo.
3. Chagueni alasiri moja ya wiki. Mama mmoja analea watoto wote kwa saa tatu. Wawili wako huru. Wiki inayofuata, zamu inahamia.
4. Wekeni sheria chache za kuandikwa: kila mtoto aje na chakula chake, mgonjwa abaki kwao, hakuna kuchapa mtoto wa mwenzako, na hakuna kumkabidhi mtoto kwa mtu ambaye hamkukubaliana.
5. Baada ya mwezi, kaeni mseme lililofanya kazi na lililoshindikana. Anayeelemewa aruhusiwe kupumzika zamu bila kulaumiwa.

Utumie saa yako kwa nini?

Kwa usingizi kwanza, kama unanyonyesha au umekuwa ukiamka usiku. Kisha kwa mwili: kutembea, kusukwa nywele, kuoga bila kuitwa. Kisha kwa moyo: rafiki, kwaya, kusali, kusoma. Usitumie saa hiyo kwenda sokoni.

Mara moja kwa mwaka, itumie kwa afya yako. Kitale na Bungoma kuna hospitali za rufaa za kaunti, na vituo vingi vya afya vilivyo karibu nawe hutoa huduma hizi:

☐ Kupimwa presha na sukari. Mhudumu wa afya ya jamii anayezunguka mtaani anaweza kuanza kukupima nyumbani.
☐ Kuchunguzwa saratani ya mlango wa kizazi, ukiwa na miaka 25 hadi 49. Mwenye virusi vya ukimwi aulize ratiba yake maalumu.
☐ Kujichunguza matiti, na kumwona daktari ukihisi uvimbe, hata usiouma.
☐ Kuzungumza kuhusu upangaji uzazi unaokufaa, pamoja na maudhi unayoyapata kutokana na njia unayotumia.
☐ Kuhakikisha wewe na watoto mmesajiliwa SHA (bima ya afya ya serikali) na kwamba taarifa zenu ni sahihi, kabla ya ugonjwa kuingia.

DALILI ZA KUTOSUBIRI

Nenda hospitali leo, si kesho, ukiona:
- Damu nyingi baada ya kujifungua, au usaha na homa
- Maumivu makali ya kichwa na macho kuona ukungu, ukiwa mjamzito au umejifungua karibuni
- Mguu mmoja kuvimba na kuuma, au kifua kubana
- Mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto

Huzuni, kulia bila sababu, kukosa usingizi hata mtoto akilala, au kutohisi chochote kwa mtoto wako, ikidumu zaidi ya wiki mbili, ni ugonjwa unaotibika. Haimaanishi kwamba wewe ni mama mbaya wala kwamba umerogwa. Mweleze muuguzi kliniki kwa maneno hayo hayo. Na kama kinachokuumiza ni kipigo au vitisho nyumbani, piga 1195 bila malipo, usiku au mchana. Kwa mtoto anayedhulumiwa, piga 116.

ANZA WIKI HII

☐ Leo: chora ukurasa wa wiki na uandike saa mbili zako.
☐ Kesho: ongea na mwenzi wako na watoto, mgawane kazi kwa majina.
☐ Siku ya soko: nunua maharagwe, kunde na murere, tafuta kapu.
☐ Wikendi: zungumza na mama mmoja kuhusu zamu ya kulea.
☐ Kabla ya likizo: taja mahali pa matembezi na uanze kuweka akiba, hata kama ni shilingi hamsini kwa wiki.

Yote yakikushinda, fanya la kwanza tu. Saa ikiwa imeandikwa na nyumba nzima inaijua, yanayofuata hupata pa kushikia.